Mnazi Mmoja, Kariakoo na Saio: majina ya wazee wetu yako wapi?



Katika mikutano yetu neno moja linarudi kila mara: kiwanja. Mtu anarudi, anakuta parseli yake imelimwa na mwingine. Mahali pa soko pamejengwa nyumba. Vijana wanauliza watacheza mpira wapi. Na kuna wale wanaosema, tena kwa nia nzuri, kwamba kila mahali palipo wazi pagawanywe tu, sababu watu hawana pa kukaa. Kabla hatujakata shauri, tuangalie historia ya kiwanja kimoja cha mbali, Mnazi Mmoja wa Dar es Salaam, pamoja na sanamu na nyumba za zamani zinazokizunguka. Wengine watasema: sisi na Dar es Salaam wapi na wapi? Msome mpaka mwisho. Historia ile inafika mpaka kwenye udongo tunaolima.

Kiwanja kilichowekwa ili watu wasikutane

Mnazi Mmoja iko katikati ya mji. Upande mmoja kuna Kariakoo na soko lake, upande mwingine mitaa ya maduka ya Wahindi, na mbele zaidi ni maofisi na bahari. Leo watu wanapumzika pale chini ya miti, na mikutano mikubwa inafanyika. Lakini zamani kile kiwanja kilikuwa mpaka.

Wakati wa ukoloni mji uligawanywa mafungu matatu: Wazungu karibu na bahari penye upepo, Wahindi katikati penye biashara, na Waafrika nyuma, upande wa Kariakoo. Kati ya mtaa wa Wahindi na mtaa wa Waafrika wakubwa wa mji waliacha ukanda mtupu, usijengwe. Sababu waliyotoa ilikuwa afya: eti magonjwa yasivuke. Kazi yake hasa ilikuwa kutenga watu kwa rangi. Sisi tuliosoma Goma au Bukavu tunajua mpango huo, sababu Wabelgiji nao walikuwa na ville yao kando na cité ya Waafrika kando.

Kumbe ule mpaka ukageuka. Mahali palipoachwa wazi ili watu wasikutane ndipo watu walipopata pa kukutana. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa katika nyumba ndogo ya mtaa wa New Street, pembeni kabisa ya kiwanja. Mikutano yake ikafanyika palepale Mnazi Mmoja, kwenye nyasi, na katika jumba la Arnautoglu, ambalo wenyeji wanaliita Anatoglo. Hakuna aliyehitaji kuomba ukumbi wa mtu. Kiwanja kilikuwa cha wote. Leo pale kuna mnara wa Mwenge wa Uhuru, na kwa miaka mingi sherehe za Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, zilifanyika pale. Rais aliweka mkuki na ngao kwenye mnara, mkubwa wa jeshi aliweka sime, na wazee waliopigana vita nao walipewa zamu yao kuweka silaha ya jadi.

Na ule mtaa wa New Street je? Siku hizi unaitwa Mtaa wa Lumumba. Ndiyo, Patrice Emery Lumumba wetu, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwili wake uliyeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi, likabaki jino moja, ambalo Ubelgiji ulilirudisha mwezi wa sita 2022, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wakati sisi Wakongomani tulikuwa bado hatuna mahali pa kumlilia, mama wa Dar es Salaam walikuwa wanamtaja kila siku wakiuliza basi ya kwenda sokoni. Jina la mtu linaweza kukaa mahali ambapo mwili haupo. Tushike neno hilo, tutalirudia.

Askari wa shaba

Ukitoka Mnazi Mmoja kwa mguu kuelekea bahari, unafika mahali panapoitwa Posta. Katikati ya barabara kuna sanamu ya askari Mwafrika, ameinama kidogo, ameshika bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Iliwekwa mwaka 1927. Waingereza waliiweka kwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wao katika vita ya 1914 mpaka 1918.

Pale pale mbele yake ilisimama sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, gavana Mjerumani. Yeye alisimama juu, na askari Mwafrika chini yake. Waingereza walipoingia mjini wakaing'oa. Baadaye ikapelekwa Hamburg, na wanafunzi wa kule wakaiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa, wakaiangusha tena 1968. Tunaona basi: mwenye nguvu akibadilika, sanamu inabadilika. Kwa hiyo tusiabudu jiwe wala shaba. Tuulize kila mara: nani ameiweka, anataka tukumbuke nini, na nani hayupo?

Kwenye sanamu ya askari kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu. Yanawasifu maaskari, na yanawataja pia wabeba mizigo waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Sawa, ni heshima. Lakini zunguka sanamu yote, hautakuta jina la mtu hata mmoja.

Kariakoo ni jina la nani?

Sasa turudi sokoni. Watu wengi wanafikiri Kariakoo ni neno tu la Kiswahili. Ni Kiingereza kilichovunjika midomoni mwa watu: Carrier Corps, yaani jeshi la wabeba mizigo. Wakati wa vita walikaa pale, mahali palipokuja kuwa soko. Nairobi nayo iko na Kariokor yake, kwa sababu ileile.

Juu ya nini walihitajika wengi hivyo? Vita ile ilipiganwa mbali na reli na barabara. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Ikabaki kichwa na bega la mtu. Tufanye hesabu ndogo. Mtu anabeba kilo 25. Kwa siku anakula karibu kilo moja. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe, anafikisha kilo tano tu. Kwa hiyo ukitaka kulisha maaskari wachache mbali, unahitaji msururu wa watu wanaobeba chakula cha wabeba chakula. Ndiyo maana Waingereza walichukua watu karibu milioni moja katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na zaidi ya 90,000 walikufa. Risasi haikuwa adui wao wa kwanza. Wengi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na baridi ya milimani kwa mtu aliyezoea joto la chini.

Na wetu?

Hapa ndipo historia inaingia nyumbani. Vita ile haikuwa ya Waingereza na Wajerumani peke yao. Tarehe 24 Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, katika ziwa letu la Kivu. Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, likajipanga kando ya ziwa, na kwa karibu miaka miwili milima hii ikawa nyuma ya mstari wa vita. Aprili 1916 jeshi likavuka chini ya jenerali Charles Tombeur, kwa makundi mawili. Kundi la kaskazini, la Molitor, liliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Kundi la kusini, la Olsen, lilipita Burundi. Kigoma ilitekwa mwishoni mwa Julai, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata Force Publique lilifika mpaka Mahenge, kusini mwa Tanzania ya leo.

Angalia karata. Kutoka Kivu mpaka Tabora ni mwendo wa wiki nyingi kwa mguu. Nani alibeba masanduku ya risasi, unga, dawa, vyombo vya wakubwa? Wanahistoria wanakadiria Wabelgiji walitumia wabeba mizigo kama 260,000 katika vita ile, wengine kwa siku chache, wengine kwa miezi. Walitolewa Maniema, Kivu, Rwanda, Burundi, popote jeshi lilipopita. Chifu aliambiwa atoe watu, akatoa. Aliyekataa alijua fimbo.

Kwa maaskari waliokufa, hesabu iko: karibu 2,000. Wabeba mizigo waliokufa ni maelfu na maelfu, lakini hesabu yao inatembea kutoka kitabu hiki mpaka kile, sababu hakuna aliyeandika vizuri. Askari alikuwa na namba. Mbeba mizigo alikuwa na kamba shingoni na mzigo kichwani, basi.

Matunda ya Tabora kwenye milima ya Masisi

Baada ya vita, Shirika la Mataifa liliipa Ubelgiji kazi ya kusimamia Rwanda na Burundi. Ushindi wa Tabora ndio uliofungua mlango huo. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa udongo mkubwa kwa wakoloni wa mashamba. Na kwa kuwa sasa pande zote mbili zilikuwa chini ya bwana mmoja, kuanzia 1937 mpaka 1955 serikali hiyo ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja Masisi, sehemu ya Gishari, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Walisema ni kwa sababu ya njaa na wingi wa watu kule. Ni kweli njaa ilikuwako. Na ni kweli pia wenye mashamba huku walitaka wafanyakazi.

Hatusemi hivi ili tuanze kuulizana nani alifika kwanza. Tumezika watu wa kutosha kwa swali hilo. Tunasema ili tuone kwamba babu wa Muhunde aliyebeba mzigo, babu wa Mtembo, babu wa Mnyanga, na babu wa Muhutu au Mtutsi aliyebebeshwa mzigo upande wa pili wa ziwa, wote walishikwa na mkono mmoja. Wote walijenga kwa mabega yao mpango ambao hawakuulizwa. Baadaye ule mpango ukawakutanisha watoto wao juu ya kilima kimoja, na kipande kidogo cha udongo katikati yao.

Saio si jina la kambi tu

Wengi wetu tumepita Bukavu na tunajua kambi Saio. Ukiuliza jina lilitoka wapi, watu wanainua mabega. Saio ni mji wa Etiopia. Katika vita ya pili, mwaka 1941, Force Publique lilitumwa kupigana na Waitaliano kule. Maaskari wa Kongo walivuka Sudani, wakateka Asosa na Gambela mwezi wa tatu, na tarehe 3 Julai 1941 jenerali Mwitaliano Gazzera alijitoa mikononi mwao pale Saio. Wengine walifika mpaka Burma, kutumika katika hospitali ya jeshi. Mmoja wao, Albert Kunyuku, alifikia miaka mia. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika medali Kinshasa mwezi wa sita 2022, kwenye mnara wa wapiganaji wa zamani. Miaka zaidi ya 75 ilikuwa imepita tangu vita kuisha. Wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kufa bila kuitwa na mtu.

Kwa hiyo hata hapa kwetu kumbukumbu ziko. Ziko tu kama jina la kambi au la barabara, bila mtu wa kueleza. Jina lisiloelezwa linakuwa kama kaburi lisilofagiwa: liko, lakini watoto wanapita juu yake.

Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Wakati wa vita ya kwanza, Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita. Sheria yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa apate jina lake limeandikwa, mkubwa na mdogo sawa. Ulaya waliifuata. Afrika hawakuifuata. Makaburi ya wabeba mizigo yaliachwa yarudi porini, na wengi hawakuandikwa popote. Mwezi wa nne 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba msamaha. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ni aibu, na wameikubali. Na kuna la kujifunza zaidi ya aibu. Januari 2025, mji wa Cape Town, tume hiyo ilifungua mnara mpya kwa Waafrika Kusini weusi waliokufa wakifanya kazi za jeshi katika Afrika vita ya kwanza. Ni nguzo za mti, kila nguzo na jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa, zaidi ya 1,700. Baada ya miaka mia na zaidi! Iliwezekana kwa sababu moja: daftari lilibaki. Mahali fulani karani aliandika jina, na karatasi haikuungua. Penye daftari, hata mjukuu wa mjukuu anaweza kuja kuuliza. Pasipo daftari, hata mfalme hawezi kusaidia.

Sisi wa Lushebere tufanye nini?

Sisi tunaozunguka vijiji kwa kazi ya mashirika tumezoea kuhesabu watu. Mvua ikinyesha, tunahesabu. Bisahani ikigawanywa, tunahesabu. Kambi za Goma zilipofungwa mwezi wa pili 2025 na watu wakafunga turubai zao kurudi Masisi, familia zilihesabiwa tena. Hesabu ya namna hiyo inasaidia kuleta unga na sabuni. Haitasaidia mtoto atakayeuliza miaka hamsini ijayo: nani alikuwa hapa, na nani hakurudi?

Lakini chama chetu kiko tayari na kitu ambacho serikali za zamani hazikuwa nacho. Tuko na daftari ya matanga. Kila anayefiwa, tunatoa mchango, na katibu anaandika jina la marehemu, familia na siku. Tumeianza kwa ajili ya franga, ili asiseme mtu kwamba mchango wake haukufika. Kumbe ni zaidi ya franga. Mle ndani Muhunde na Muhutu wanafuatana mstari kwa mstari, bila kabila kuandikwa. Hiyo ndiyo nguzo ya mti ya kwetu.

Tunaleta basi mawazo matatu, myazungumze katika barza na katika makundi yenu.

La kwanza, daftari ya matanga iandikwe mara mbili. Moja ikae kwa katibu, nyingine ikae mbali, mahali mtakapokubaliana. Tumekimbia mara nyingi, tunajua karatasi inavyopotea. Na wale waliokufa ukimbizini au kambini, ambao hatukuwatolea mchango, waandikwe pia. Familia ilete jina tu, hakuna malipo.

La pili, tuulize wazee sasa, wakati wako. Tuulize maneno mepesi: babu yako alibebeshwa mzigo kwenda wapi? Alirudi? Waliitaje vita ile? Nyumba hii ya matofali ya zamani, barabara hii, shamba hili la chai au la ng'ombe, nani alilichimba? Vijana wenye simu warekodi sauti, wenye kalamu waandike. Mzee asibishiwe. Wazee wawili wakipingana, andika yote mawili.

La tatu, na hili ndilo gumu: mahali pa wazi pabaki wazi. Tunajua uzito wake. Mtu asiye na pa kulala akiambiwa kiwanja ni cha mikutano, anasikia kama matusi. Kwa hiyo chama kisiseme hapana kisha kikae kimya. Tuwasindikize wenye shida kwa chifu na kwa wale wanaosuluhisha mambo ya udongo, tuchange siku za salongo kuwajengea mahali pengine. Lakini tukikatakata kiwanja leo, kila kipande kitakuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe atakuwa na watu wake. Kesho tukiwa na neno la kuzungumza wote pamoja, tutakutana kwenye ua la nani? Mnazi Mmoja ilitengwa ili kugawa watu, ikaishia kuwakusanya, kwa sababu tu haikujengwa. Kiwanja kikijengwa, nafasi ile hairudi.

Sanamu hatuhitaji, na shaba hatuna. Mti mmoja unatosha, mvule au hata mkaratusi, na chini yake watu wanaokumbuka kusoma majina kwa sauti mara moja kwa mwaka. Siku gani, ninyi wenyewe mtachagua. Mwenye jina la mzee aliyekwenda Tabora, Mahenge, Saio au popote, na mwenye jina la ndugu aliyebaki njiani miaka hii, alipeleke kwa katibu wa kundi lake. Tutayachapa humu, yote, moja kwa moja, hata yakijaza kurasa.